Jack Foley: Aliyeyapa Majeshi ya Sinema Mshindo wa Nyayo

Kila askari aliyewahi kushika lindo la usiku anajua kwamba sikio hutangulia jicho. Mshindo wa kiatu au mlio wa funguo humpa mlinzi habari kabla hajaona kitu. Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyeijua siri hiyo na kuifanya kazi yake, hayati Jack Donovan Foley wa Marekani.

Foley alizaliwa New York mwaka 1891, akahamia California na kuingia katika kazi ya sinema wakati filamu zilipokuwa bado bubu. Mwaka 1927 ilitolewa The Jazz Singer, filamu ndefu ambayo ndani yake watazamaji waliwasikia waigizaji wakiimba na kusema. Makampuni mengine yakashikwa na haraka. Kampuni ya Universal, ambako Foley alifanya kazi, ilikuwa imeanza kuitengeneza Show Boat kama filamu bubu. Ikabidi itiwe sauti. Foley na wenzake wakasimama mbele ya picha iliyokuwa ikionyeshwa, bendi ikipiga, nao wakatoa milio yote iliyotakiwa papo hapo. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1929.

Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 30, Foley alitembea kwa niaba ya wengine. Chombo cha kunasia sauti huelekezwa kwenye kinywa cha mwigizaji, na kwa hiyo hatua zake na mchakacho wa nguo zake husikika hafifu au hupotea kabisa. Tena, filamu ikitafsiriwa katika lugha nyingine, maneno ya awali huondolewa, na milio iliyonaswa pamoja nayo huondoka vilevile. Ndiyo sababu fundi hutazama picha na kuitoa milio hiyo upya, sambamba na kila tendo. Mafundi wa kazi hii hugonganisha vifuu vya nazi wakapata kwato za farasi, na huminya wanga wa mahindi ndani ya mfuko wa ngozi wakapata hatua katika theluji.

Foley hakuridhika na mshindo wowote tu. Kwake, mwoga na jasiri hawakanyagi namna moja, na mtu mwenye huzuni huiburuta miguu yake. Hivyo alijitahidi kwanza kumwelewa mhusika, ndipo atembee.

Inasimuliwa kwamba ilipotengenezwa filamu ya Spartacus, iliyotolewa mwaka 1960, sauti ya jeshi la Kirumi haikufaa, na ilifikiriwa kulipiga picha upya jeshi zima kwa gharama kubwa. Foley akachukua shada la funguo, akalitikisa kwa mwendo wa gwaride, na jeshi likasikika likipita na silaha zake.

Hata hivyo, jina lake halikuonekana katika filamu nyingi alizozitumikia. Alifariki mwaka 1967. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na pete yake ilikuwa hii: katika sinema, redio na televisheni, na hata katika michezo ya kompyuta ya siku hizi, ufundi huo huitwa kwa jina lake. Nasi tunaona hapo heshima ya kila mtumishi ambaye kazi yake hutambulikana siku inapokosekana.