Lettow-Vorbeck na Mapigano ya Kondoa Yaliyogeuza Mkondo wa Vita

KONDOA – Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei, 1916, askari Waafrika wakiongozwa na maofisa wa Kijerumani walipanda vilima vya Kondoa Irangi kuvishambulia vikosi vya Afrika Kusini vilivyokuwa vimeuteka mji huo wiki tatu kabla. Kulipopambazuka, shambulio lilikuwa limeshindwa. Aliyeliamuru alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Ujerumani katika Afrika Mashariki.

Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi, 1870 mjini Saarlouis, Ujerumani. Kabla ya kufika Dar es Salaam Januari 1914, alikuwa amepigana China na katika nchi iitwayo leo Namibia, ambako Ujerumani iliwakandamiza Waherero na Wanama. Novemba 1914 alijipatia sifa kubwa mjini Tanga, ambapo kikosi chake cha watu takriban 1,000 kiliwarudisha baharini takriban 8,000 wa Uingereza na India.

Machi 1916, Jenerali Jan Smuts alivuka eneo la Kilimanjaro na jeshi kubwa, kisha akamtuma Jenerali Jacob van Deventer kutoka Arusha kwenda kusini. Van Deventer aliitwaa Kondoa tarehe 19 Aprili, lakini masika yalifunga njia nyuma yake, farasi wake wengi wakafa kwa maradhi na chakula kikawa haba. Lettow-Vorbeck aliona hiyo ndiyo nafasi ya kumwangamiza adui aliyetengwa. Alihamisha askari kutoka upande wa Usambara na kukusanya watu wapatao 4,000.

Hata hivyo, adui alikuwa amekwisha kuchimba mahandaki vilimani. Mashambulizi yaliyorudiwa gizani yalivunjwa kwa risasi, na miongoni mwa waliouawa alikuwemo Meja von Kornatzki.

Tangu hapo mwendo wa vita ulibadilika. Lettow-Vorbeck aliondoa majeshi yake Kondoa mwishoni mwa Juni. Mwishoni mwa Julai, Van Deventer aliingia Dodoma na kuikata Reli ya Kati. Septemba, Dar es Salaam na Tabora zikaanguka. Kamanda huyo alirudi nyuma hadi Rufiji, na Novemba 1917 akavuka Mto Ruvuma. Alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, 1918, wiki mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya.

Gharama ya miaka hiyo ilibebwa na wananchi. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, na makumi ya maelfu ya wapagazi walipoteza maisha. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Uingereza. Ugogo, uporaji huo ulipokutana na ukame, ulizaa njaa kuu ya Mtunya kati ya 1917 na 1920.

Lettow-Vorbeck alipokewa Berlin kama shujaa. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi, 1964, Tanganyika ikiwa imetimiza miaka miwili na miezi mitatu ya uhuru. Vitabu vingi vimeandikwa kuhusu ujasiri wake. Wengi wa wapagazi waliokufa njiani hawakuachiwa hata kaburi lenye jina.