Abdallah Susi na Kurasa za Mwisho

Mgeni afikaye Ujiji huonyeshwa mnara wa kumbukumbu ya kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871. Ni nadra kuelezwa habari za Abdallah Susi, aliyetoka kumlaki Stanley, kisha akakimbia kumpasha habari bwana wake. Hata hivyo maisha ya Susi yana funzo kubwa kwa mwalimu wa uandishi.

Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi. Mwaka 1864 alivuka bahari pamoja na Livingstone hadi Bombay. Huko kijana mwenzake, Chuma, alitiwa shuleni. Susi alifanya kazi bandarini. Mwaka 1866 wote wawili walifuatana na Livingstone kuingia bara, wakafika Ujiji mwaka 1869.

Livingstone aliandika katika daftari lake kwa mara ya mwisho tarehe 27 Aprili 1873. Siku chache baadaye alifariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Jacob Wainwright, aliyejua kuandika vizuri, aliorodhesha mali ya marehemu. Kisha msafara ulibeba maiti na makaratasi yake hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874.

Mwaka huohuo Susi na Chuma walipelekwa Uingereza, ambako Horace Waller alikuwa akiyatayarisha madaftari yale yawe kitabu. Pale kalamu ya Livingstone ilipokoma, wao walisimulia na Waller akaandika. Kitabu kilichapishwa mwaka 1874, na majina ya Chuma na Susi yakatajwa katika ukurasa wenye jina la kitabu. Susi alifariki Unguja mwaka 1891.

Katika vyuo vyetu, mwanachuo aliye nyuma katika uandishi mara nyingi hutengwa na kupewa mazoezi ya sarufi peke yake, hata akaamini kuwa hana la kusema. Huko ni kumvunja moyo. Yafaa aketi na wenzake: yeye asimulie ajuayo, labda uvuvi wa dagaa wa kwao; mwenzake aandike; wengine waulize palipo na giza. Kisha yeye mwenyewe ainakili na kuisahihisha insha hiyo, mpaka siku atakapoandika bila kushikwa mkono. Na jina lake lisisahauliwe juu ya karatasi.

Asiyeweza kuandika leo si mtupu. Mwalimu akimnyamazisha, kurasa za mwisho zitapotea.