Vidaurri: Gavana aliyekataa kukabidhi forodha

MAPEMA mwaka 1864 serikali ya Meksiko, iliyokuwa ikiyakimbia majeshi ya Ufaransa, ilimtaka gavana mmoja wa kaskazini akabidhi makusanyo ya vituo vyake vya forodha. Gavana alikataa. Miaka mitatu baadaye aliuawa kwa kupigwa risasi kama msaliti.

Gavana huyo alikuwa Jenerali Santiago Vidaurri. Alianza maisha ya kazi akiwa karani katika ofisi za serikali mjini Monterrey, jimbo la Nuevo León, na alizijua hesabu za serikali kabla ya kushika jeshi. Mwaka 1855 aliongoza uasi dhidi ya Rais Santa Anna, akaiteka Monterrey na kuwa mtawala wa eneo hilo.

Moja ya hatua zake za mwanzo ilikuwa kushusha ushuru wa bidhaa kutoka nje. Viwango vya taifa vilikuwa vya juu kiasi kwamba magendo ndiyo yaliyolipa. Mwaka 1856 aliunganisha jimbo jirani la Coahuila na lake, hatua iliyompa mpaka mrefu na Texas pamoja na kivuko cha Piedras Negras.

Neema kubwa ilikuja mwaka 1861. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani, serikali ya Lincoln ilitumia meli za kivita kuzifunga bandari za majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Lakini mto Rio Grande, kwa mkataba wa 1848, ulikuwa huru kwa nchi zote mbili. Pamba ya Kusini ikaanza kuvushwa kwa mikokoteni hadi Meksiko, na kutoka hapo ikasafirishwa Ulaya kwa meli.

Mikokoteni hiyo ilirudi Texas ikiwa na vitambaa, viatu, unga, risasi na shura ya kutengenezea baruti. Kwa kila mzigo uliopita Piedras Negras, Vidaurri alichukua ushuru. Fedha hizo zililipa jeshi lake, na wafanyabiashara wa Monterrey walitajirika, akiwamo mkwewe Patricio Milmo, mzaliwa wa Ireland.

Mwishoni mwa 1863 Milmo aliwadai watu wa Kusini deni kubwa. Alizuia masanduku ya noti zao pamoja na pamba iliyokuwa njiani hadi walipokubali kulipa. Wasafirishaji wasiohusika na deni hilo nao walikwama.

Ndipo Rais Benito Juárez alipofika kaskazini bila fedha za kupigana na Wafaransa. Mazungumzo ya Monterrey, Februari 1864, yalivunjika, na Juárez akaitenganisha Coahuila na Nuevo León kwa amri. Vidaurri alikimbilia Texas, kisha akajiunga na Maximilian, mfalme aliyewekwa na Ufaransa, akawa waziri wake.

Utawala huo ulianguka mwaka 1867. Vidaurri alikamatwa katika mji mkuu, na Julai 8 alipigwa risasi mgongoni, adhabu ya wasaliti.

Mtaji wa miaka ya pamba haukufa naye. Wafanyabiashara wa Monterrey baadaye waliuingiza katika mabenki na viwanda vilivyoufanya mji huo kitovu cha viwanda cha Meksiko. Ushuru nafuu wa Vidaurri uliwavuta wateja, na kung'ang'ania makusanyo kukamgharimu maisha.