Ibn al-Nafis: Tabibu Aliyeijua Njia ya Damu

Magharibi ikiingia utafuturu, na sambusa pengine haitakosa. Je, wajua mafuta yake hupita wapi mwilini? Kutoka utumbo mwembamba huingia mishipa ya limfu, hupanda hadi karibu na shingo, na hapo humiminika ndani ya damu. Damu huyafikisha upande wa kulia wa moyo, kisha mapafuni, ndipo yarudi upande wa kushoto na kusambazwa mwili mzima.

Safari hiyo ya damu kati ya moyo na mapafu ilielezwa na Muislamu, Ala al-Din Ibn al-Nafis. Alizaliwa Sham karibu mwaka 1213, akasomea utabibu katika hospitali ya Nuri, Damascus, kisha akahamia Cairo. Huko alitibu wagonjwa na pia kusomesha fiqhi ya madhehebu ya Shafi.

Zama hizo, kwa miaka zaidi ya 1000, matabibu walishika kauli ya Galen, Mgiriki, kwamba damu hupenya ukuta wa kati wa moyo kupitia vitundu. Hata Ibn Sina hakuiacha. Basi mwaka 1242 kijana huyu, umri kama miaka 29 hivi, alifafanua kitabu cha Ibn Sina na kusema la: ukuta ule ni mzito, hauna kitundu. Damu huenda mapafuni, huchanganyika na hewa, kisha hurudi moyoni. Ulaya, Michael Servetus alichapisha jambo hilo mwaka 1553, miaka 311 baadaye!

Kazi yake ilisahaulika mpaka mwaka 1924, daktari Mmisri Muhyi al-Din al-Tatawi alipoikuta nakala katika maktaba ya Berlin.

Wanahistoria wasimulia kuwa katika maradhi yake ya mwisho aliletewa mvinyo kama dawa, akakataa. Hakutaka kukutana na Mola wake nao ukiwa tumboni. Alifariki Cairo mwaka 1288, akaiachia hospitali ya Mansuri nyumba na vitabu vyake.

Sasa wewe kijana unayesoma biolojia, tazama: Ibn al-Nafis hakumdharau Ibn Sina. Alimsoma vizuri mno, hata akaona palipokosewa. Mheshimu mwalimu wako, lakini usione haya kuuliza. Na sambusa, mbili zatosha!

Ramadhan karim.