Ralph Bunche: Msuluhishi Aliyejifunza Kiswahili

Kabla ya kuusoma wasifu huu, mwalimu tarajali na arejee vitenzi vya kauli ya kutendesha: koma huzaa komesha, sita huzaa sitisha. Tofauti baina ya vitenzi hivi viwili si ya kisarufi peke yake. Anayekomesha vita amevifikisha mwisho wake; anayesitisha mapigano ameyafanya yasimame, na huenda yakaanza tena kesho. Mtu tunayemsimulia hapa alifanya kazi umri wake wote katika nafasi iliyo baina ya maneno hayo mawili. Tumemchagua pia kwa ajili ya wale watakaofundisha Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako dawati moja huweza kukaliwa na mtoto wa Kongo, wa Burundi na wa Rwanda. Sababu ya kuitaja Nakivale itaonekana baadaye.

Ralph Johnson Bunche alizaliwa Detroit, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, katika familia ya watu weusi isiyokuwa na mali. Mama yake alifariki mwaka 1917, na bibi yake mzaa mama, Lucy Johnson, akamlea mjini Los Angeles. Bibi huyo alikuwa mdogo wa umbo na mkubwa wa msimamo. Hakukubali mjukuu wake apangiwe masomo duni kwa sababu ya rangi yake. Bunche alihitimu chuo kikuu mwaka 1927 akiwa wa kwanza katika kundi lake, kisha akaenda Harvard, ambako alipata shahada ya uzamivu katika sayansi ya siasa mwaka 1934.

Tasnifu yake inastahili kutazamwa kidogo. Alilinganisha utawala wa Ufaransa katika nchi mbili jirani za Afrika Magharibi: Dahomey, iliyokuwa koloni, na Togo, iliyokuwa imetwaliwa kutoka kwa Wajerumani baada ya vita vya 1914 hadi 1918 na kukabidhiwa Ufaransa kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Kwa maandishi, Togo ilikuwa amana na Dahomey ilikuwa milki. Bunche alikwenda akatazama, akaona kwamba kwa mwananchi wa kawaida tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno. Jina la utawala lilikuwa limebadilika; mtawaliwa alibaki alivyokuwa.

Mwaka 1937 alikuwa London akijiandaa kwa safari ya utafiti Afrika, na hapo ndipo alipoanza kujifunza Kiswahili. Mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa elimu ya jamii na mila katika jiji hilo hilo. Ni picha inayofaa kukumbukwa na kila anayefundisha ngeli kwa wageni: Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu ameketi mbele ya Mkikuyu atakayekuwa rais, wote wawili mbali na kwao, wakijadiliana kwa lugha isiyokuwa ya mama kwa yeyote kati yao. Bunche alipitia Afrika Kusini, kisha akafika Kenya mwaka 1938, akakaa miongoni mwa Wakikuyu wa Kiambu na kuandika kuhusu jando lao.

Vita vya pili vya dunia vilimwondoa darasani. Kuanzia mwaka 1941 alifanya kazi katika idara ya upelelezi ya serikali mjini Washington, akiwa mtaalamu wa Afrika. Majeshi ya Marekani yalikuwa yakijiandaa kupigana katika bara ambalo maofisa wake hawakulijua, na mnamo Novemba 1942 yaliteremka katika pwani za Moroko na Algeria. Bunche alikuwa mmoja wa waliowaandalia habari za watu, desturi na siasa za nchi walizokuwa wakiziendea. Jeshi hilo lenyewe liliwatenga askari weusi katika vikosi vyao. Alilijua hilo; lakini aliamini kwamba ushindi wa Hitler ungekuwa msiba mkubwa zaidi kwa watu wa rangi yake.

Majeshi ya Marekani, pamoja na yale ya Kisovieti na ya Uingereza, ambamo walikuwamo askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa hadi Burma, yalivikomesha vita hivyo mwaka 1945. Kukomesha kulikuwa kazi ya bunduki. Kazi iliyofuata ilikuwa ya kalamu, na katika mkutano wa San Francisco, kuanzia Aprili hadi Juni 1945, Bunche alikuwamo katika ujumbe wa Marekani kama mshauri. Alikuwa na mkono mkubwa katika uandishi wa sura za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu nchi zisizojitawala na mfumo wa udhamini. Mtafiti wa Togo hakuwa amesahau alichokiona. Safari hii mkataba ulitaja maendeleo kuelekea kujitawala au uhuru. Uliruhusu wananchi kupeleka malalamiko yao moja kwa moja. Ulitaka wajumbe watumwe kukagua. Mwaka 1946 Bunche aliingia Umoja wa Mataifa kusimamia shughuli za udhamini, na mwishoni mwa mwaka huo Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Uingereza, na Ruanda-Urundi chini ya ule wa Ubelgiji.

Jina lake, hata hivyo, lilikuzwa na jambo jingine. Tarehe 17 Septemba 1948 mpatanishi wa Umoja wa Mataifa katika Palestina, Folke Bernadotte, aliuawa kwa risasi mjini Jerusalem, na Bunche, aliyekuwa msaidizi wake, akachukua nafasi hiyo. Mnamo Januari 1949 aliwakutanisha Wamisri na Waisraeli katika hoteli moja kisiwani Rhodes. Alianza na kila upande peke yake, akatafuta mambo madogo wanayoweza kukubaliana, akayaandika, kisha akasonga mbele hatua moja. Inasimuliwa kwamba aliagiza sahani za kauri zenye kumbukumbu ya mkutano, akawaonyesha wajumbe kabla hawajaafikiana, akiwatania kwamba wakishindwa atawavunjia vichwani. Misri na Israeli zilitia saini tarehe 24 Februari. Lebanon, Jordan na Syria zikafuata kabla ya mwisho wa Julai. Mwaka 1950 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Tuzo ilikuwa ya amani, ilhali mikataba ilikuwa ya kusitisha mapigano. Kwa haki ya Bunche, yeye hakuwahi kuyachanganya maneno hayo mawili.

Mwaka 1960 alitumwa Kongo kushuhudia uhuru wa tarehe 30 Juni, na jeshi lilipoasi siku chache baadaye akajikuta akiongoza shughuli za Umoja wa Mataifa nchini humo. Safari hii Marekani haikupeleka askari wa miguu. Ilitoa ndege za kuwasafirisha askari wa mataifa mengine. Bunche hakuelewana na Patrice Lumumba, na aliondoka mwishoni mwa Agosti akiwa amechoka. Hatuoni sababu ya kuipamba sehemu hiyo ya maisha yake.

Hapa tunarudi Nakivale. Mnamo Novemba 1959, Ruanda ikiwa bado chini ya udhamini, machafuko yalizuka, nyumba zikachomwa, na maelfu ya Watutsi wakakimbilia nchi jirani. Wengi waliingia Ankole, wakapewa mahali pa kukaa Nakivale, katika nchi ya malisho iliyo kusini mwa Mbarara. Ubelgiji ilikuwa mdhamini. Umoja wa Mataifa ulikuwa msimamizi wa mdhamini. Wajumbe wa ukaguzi walikuwa wamekwisha kupita zaidi ya mara moja. Maneno yaliyoandikwa San Francisco yaliifikisha Tanganyika kwenye uhuru bila vita. Ng'ambo ya pili ya mto Kagera, maneno yale yale hayakuweza kumlinda mtu nyumbani kwake.

Bunche alifariki New York tarehe 9 Desemba 1971, akiwa amedhoofishwa na kisukari na karibu kupofuka. Siku hiyo hiyo Tanganyika ilikuwa ikiadhimisha miaka kumi ya uhuru. Nakivale, watoto waliozaliwa makazini katika mwaka wa uhuru huo walikuwa wakitimiza miaka kumi pia, na nchi ya wazazi wao walikuwa bado hawajaiona.