Eduardo Mondlane: Profesa aliyeacha chuo Marekani akaja Dar es Salaam

Ukivuka Mto Ruvuma ukaingia Msumbiji, jina la Eduardo Mondlane utalikuta kwenye barabara, kwenye shule na kwenye chuo kikuu. Huku upande wetu, wazee wa Mtwara, Lindi na Ruvuma wanamkumbuka kama kiongozi wa Frelimo aliyeuawa kwa bomu. Wasiojua wengi ni hili: kabla ya vita alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na alichosomea ni jinsi jamii ya watu inavyojengwa na inavyotawaliwa.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji, mtoto wa chifu wa Kitsonga. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga ng'ombe. Baba alifariki mapema, na mama ndiye aliyesisitiza kijana aende shule akajue hao Wazungu wanaowatawala wanafikiri nini. Alianzia shule za misheni ya Waswisi. Lakini chini ya Wareno mtoto wa Kiafrika hakuwa na njia ndefu ya masomo, na chuo kikuu hakikuwepo nchini kabisa. Ilibidi avuke mpaka kwenda Afrika Kusini.

Huko alimaliza sekondari, akasomea kazi za ustawi wa jamii, kisha mwaka 1948 akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka huohuo makaburu wakashika serikali. Mwaka 1949 wakamnyima kibali cha kuendelea kukaa, akarudishwa kwao. Polisi wa Kireno nao wakamkamata na kumhoji, maana alikuwa amesaidia kuanzisha umoja wa wanafunzi Waafrika. Mwaka 1950 akapelekwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Aliwakuta vijana wenzake kama Amílcar Cabral na Agostinho Neto, nao wakisoma huku askari kanzu wakiwafuata nyuma. Hakukaa. Alipata ufadhili, akaenda Chuo cha Oberlin, Marekani, akapata shahada mwaka 1953. Akaendelea Chuo Kikuu cha Northwestern hadi kupata udaktari wa sosholojia mwaka 1960.

Sosholojia, ndugu msikilizaji, ni elimu inayochunguza maisha ya watu wakiwa pamoja: nani anaamuru, nani anatii, nani anakula jasho la nani, na kwa nini watu wanaona hali hiyo ni ya kawaida. Kwa Mondlane haya hayakuwa maneno ya vitabuni tu. Wareno walikuwa na utaratibu wa kumpa Mwafrika cheti cha kuwa amestaarabika, endapo anasema Kireno na ameacha maisha ya kwao. Hesabu ya watu ya mwaka 1950 ilionyesha kwamba waliokuwa na cheti hicho hawakufika 5,000, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 5. Waliobaki walikuwa wa kulima pamba kwa lazima na kufanya kazi za shokoa. Mondlane alitazama utaratibu huo kama mtu wa elimu ya jamii, akaona kwamba cheti kilikuwa geti, na geti lilijengwa ili lisipitike.

Mwaka 1957 aliajiriwa Umoja wa Mataifa, New York, katika idara ya makoloni yaliyo chini ya udhamini, Tanganyika ikiwa mojawapo. Huko ndiko alikofahamiana na Mwalimu Nyerere. Tayari alikuwa amemwoa Janet Johnson, Mmarekani mweupe, mwaka 1956. Mwaka 1961 alitembelea nyumbani akiwa na hati za Umoja wa Mataifa, na watu walijaa kumpokea. Aliporudi aliacha kazi, kwa sababu mtumishi wa shirika lile haruhusiwi kufanya siasa. Akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse.

Tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vya Wamsumbiji viliungana Dar es Salaam na kuwa Frelimo, naye akachaguliwa rais. Mwaka uliofuata alihamia Dar na familia. Ualimu wa Syracuse ungempa maisha mazuri, aliuacha.

Alianza na shule. Yeye na Janet walianzisha Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam, vijana wakimbizi wapate sekondari. Tarehe 25 Septemba 1964 ndipo risasi za kwanza zikalia Chai, Cabo Delgado. Baada ya miaka michache Wareno walikuwa wameondoka katika vijiji vingi vya kaskazini, na hapo likaja swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote katika maisha yake: mkoloni akishaondoka kijijini, duka lake linachukuliwa na nani?

Wakulima walivusha Ruvuma korosho, ufuta na karanga, wakarudi na chumvi, nguo na majembe. Biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa wenyeviti wa Cabo Delgado, mkubwa wao Lázaro Nkavandame, mtu mwenye nguvu kubwa miongoni mwa Wamakonde. Zikaja lawama kwamba wenyeviti wanawanyonya wakulima kama alivyofanya mfanyabiashara wa Kireno. Mondlane na wenzake walisema hawakuingia msituni ili kubadilisha rangi ya tajiri. Nkavandame naye alikuwa na hoja iliyopata wasikilizaji: kwamba Wamakonde ndio wanaokufa vitani, na watu wa kusini ndio wanaoongoza.

Ugomvi wa pili ulikuwa na wanafunzi. Frelimo iliagiza kila aliyesoma aende kutumika ndani ya nchi, na baadhi ya waliokuwa na ufadhili ng'ambo walikataa. Walimwambia kwamba yeye ana udaktari, iweje wao wakatishwe? Swali hilo si rahisi kulitupa. Alijibu kwa maandishi. Machi 1968 fujo zililipuka katika Taasisi, ikafungwa. Julai alichaguliwa tena katika mkutano mkuu uliofanyika ndani ya Niassa. Desemba kamanda Paulo Kankhomba akauawa alipokuwa akivuka kuingia Cabo Delgado.

Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alichukua barua zake akaenda nyumbani kwa rafiki, Oyster Bay, mahali alipopenda kufanyia kazi kwa utulivu. Kati ya vifurushi kimoja kilikuwa na kitabu. Alipokifungua kililipuka. Alikuwa na miaka 48. Wengi wanaamini bomu lilitoka kwa polisi wa siri wa Ureno, na kwamba lilimfikia kwa msaada wa watu wa ndani. Miezi michache baadaye Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno.

Kitabu alichoandika kuhusu mapambano ya Msumbiji kilichapishwa mwaka huohuo, mwenyewe hakukiona. Alizikwa Dar es Salaam, na baada ya uhuru wa 1975 mabaki yake yakapelekwa Maputo. Mwaka 1976 chuo kikuu ambacho Wareno walikuja kukifungua huko, miaka mingi baada ya yeye kulazimika kuvuka mpaka kutafuta masomo, kilipewa jina lake.