LUDWIG BÖRNE (1786–1837): KALAMU CHINI YA MKASI WA DOLA

1.0 Utangulizi

Katika historia ya uandishi wa habari wa Ujerumani, Ludwig Börne ni miongoni mwa watu wa mwanzo kulifanya gazeti kuwa uwanja wa kudai haki za kisiasa. Jina lake hutajwa sambamba na la mshairi Heinrich Heine, na aghalabu hutajwa ili kumkuza huyo wa pili. Makala haya yanayaangalia maisha yake kwa kuzingatia swali moja: nani alikuwa na haki ya kusema na Wajerumani, kwa Kijerumani, katika enzi ambayo dola ndiyo iliyoamua ni neno lipi lichapwe? Yanadai kwamba mtindo wa Börne ulitokana kwa kiasi kikubwa na udhibiti huo, na kwamba uhuru wa kusema alioupata baadaye ulimgharimu nchi yake.

2.0 Mtaa, Elimu na Uraia

Börne alizaliwa tarehe 6 Mei 1786 katika Judengasse, mtaa wa Wayahudi wa mji wa Frankfurt, akapewa jina la Juda Löw Baruch. Wakazi wa mtaa huo waliishi nyuma ya malango, na sheria za mji ziliwabana katika makazi, ndoa na kazi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa fedha. Mwaka 1802 kijana huyo alipelekwa Berlin kusomea udaktari, akakaa nyumbani kwa tabibu na mwanafalsafa Marcus Herz. Udaktari haukuwa chaguo la moyo wake, bali ndiyo karibu taaluma pekee iliyokuwa wazi kwa Myahudi. Majeshi ya Napoleon yalipoutikisa utaratibu wa zamani, aliiacha fani hiyo akasomea utawala na uchumi, na mwaka 1808 akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Giessen.

Mwaka 1811 Wayahudi wa Frankfurt walipewa usawa wa kiraia kwa masharti ya kulipa gulden 440,000. Mwaka huohuo Börne aliajiriwa kuwa karani wa polisi wa mji. Baada ya Napoleon kuanguka, wakuu wa mji walikataa kuutambua usawa huo, na mwaka 1815 karani huyo aliondolewa kazini kwa sababu ya Uyahudi wake. Hivyo alijifunza mapema kwamba haki iliyotolewa na mtawala mmoja huweza kupokonywa na mwingine.

Mwaka 1818 alibadili jina, kisha akabatizwa katika Kanisa la Kilutheri. Tendo hilo lilikuwa la kiraia zaidi kuliko la kiimani: mhariri aliyetaka kusema na Wajerumani wote asingesikilizwa kwa jina la Baruch. Hata hivyo, jina jipya halikumkinga. Mahasimu wake waliendelea kumkumbusha asili yake kila walipokosa hoja.

3.0 Mizani na Mkasi

Mwaka huohuo wa 1818 alianzisha jarida la Die Wage, yaani Mizani. Sehemu yake iliyosomwa sana ilikuwa uhakiki wa tamthilia. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Mwandishi hakuweza kumhukumu mfalme aliye hai, lakini aliweza kumhukumu mfalme wa jukwaani. Hata baadaye, alipomhakiki Wilhelm Tell, shujaa wa tamthilia ya Schiller, alimlaumu kwa unyenyekevu wake mbele ya wenye mamlaka. Msomaji makini alitambua kwamba waliokuwa wakikosolewa ni Wajerumani wenyewe.

Mwaka 1819 dola za Shirikisho la Kijerumani, zikiongozwa na Metternich wa Austria, zilipitisha Maazimio ya Karlsbad. Kwa mujibu wa maazimio hayo, chapisho lolote lisilozidi kurasa 320 lilipaswa kukaguliwa kabla ya kuchapwa. Mantiki yake ilikuwa bayana: kitabu kinene kilikuwa ghali na kilisomwa na wachache, ilhali gazeti lilifika kwa wengi. Katika mwaka huo Börne aliuacha uhariri wa gazeti la mji baada ya mivutano na wadhibiti, na jarida la Zeitschwingen alilolihariri lilipigwa marufuku. Mwaka 1820 aliwekwa kizuizini kwa muda mfupi, na mwaka 1821 Die Wage ikakoma.

Mazingira hayo yaliathiri lugha yake. Nathari ya wasomi wa Kijerumani wa wakati huo ilipenda sentensi ndefu zenye vishazi vingi. Yake ilikuwa na sentensi fupi, kinaya na tashbiha za ghafla. Mwaka 1821 aliandika tashtiti kuhusu gari la posta linalojikokota kama konokono, na wasomaji wakaelewa kwamba kilichojikokota si gari tu. Katika insha ya mwaka 1823 alishauri kwamba anayetaka kuwa mwandishi wa asili aandike kwa siku tatu kila linalomjia akilini, bila uongo wala unafiki. Humo alieleza kwamba hofu ya maoni ya watu humfunga mwandishi kuliko serikali. Sigmund Freud, aliyemsoma Börne katika ujana wake, alikiri mwaka 1920 kwamba huenda insha hiyo ilichangia mbinu yake ya kumwacha mgonjwa aseme kila linalomjia.

4.0 Paris na Wasomaji wa Mbali

Baada ya Mapinduzi ya Julai ya mwaka 1830, Börne alihamia Paris. Kutoka huko alimwandikia barua Jeanette Wohl, rafiki yake wa miaka mingi aliyebaki Frankfurt. Wohl alimhimiza azichapishe, na kati ya mwaka 1832 na 1834 zikatoka kwa jina la Barua kutoka Paris. Katika umbo la barua, habari za bunge la Ufaransa, bei za vitu na maonyesho ya jukwaani zilikaa pamoja na madai ya jamhuri. Serikali za Kijerumani, Prussia ikiwemo, zilizipiga marufuku. Marufuku hayo yakazidi kuzitangaza. Mwaka 1832 Börne alihudhuria mkutano mkubwa wa Hambach, ambako maelfu ya watu walidai uhuru na umoja wa Ujerumani, nao wakamlaki kwa heshima.

Lakini miaka ilivyopita, umbali ulimwelemea. Mwaka 1836 alianzisha jarida la Kifaransa liitwalo La Balance ili kuyakaribisha mataifa hayo mawili, halikudumu. Mhakiki Wolfgang Menzel alipowashutumu waandishi wapya kwa kuipenda Ufaransa na kuisaliti nchi, Börne alimjibu kwa kitabu kilichotoka mwaka 1837. Alitetea kwamba kuipenda nchi hakuhitaji kuichukia nchi jirani. Hilo likawa andiko lake kuu la mwisho. Alifariki Paris tarehe 12 Februari 1837 baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu, akazikwa katika makaburi ya Père-Lachaise.

5.0 Hitimisho

Mwaka 1840 Heine alichapisha kitabu kilichomchora Börne kama mtu mkavu aliyeitoa sanaa kafara kwa siasa, na kilichomdhalilisha Wohl. Mume wa Wohl, Salomon Strauss, alipigana naye kwa bastola mwaka 1841, na Heine akajeruhiwa kidogo. Taswira ya kitabu hicho ilidumu kuliko jeraha. Maisha yaliyoelezwa hapa hayaiungi mkono taswira hiyo. Kwa mtu aliyepokonywa kazi, jina na hatimaye nchi, sanaa ya nathari na dai la haki vilikuwa kitu kimoja: sentensi fupi iliyoweza kupenya mkasi wa mdhibiti ndiyo iliyokuwa siasa yake, na pia ndiyo iliyokuwa sanaa yake.